Gari Lililosikilizwa kwa Meno

Mwalimu alisikiliza magari kwa meno. Aliegemeza ncha moja ya chuma kwenye giaboksi, akaiuma ncha ya pili, akafumba macho, na vijana wa chuo cha ufundi waliokuja kwake Jumamosi wakanyamaza kama watu wanaongoja majibu ya daktari. Chuma chenyewe kilikuwa kipande cha nondo ya kujengea, urefu wa mkono, kilichopigwa msasa mpaka kikang'aa. Upande wa mdomoni kilizungushiwa kitambaa ambacho mkewe alikifua pamoja na vitambaa vya meza. Baada ya muda Mwalimu alikitoa mdomoni, akajifuta, akatoa hukumu.

"Beringi ya mbele. Haijaanza kulia. Inanung'unika tu."

"Na kama ni ya nyuma, Mwalimu?" niliuliza mara ya kwanza nilipomwona akifanya hivyo.

"Ya nyuma ingeniuma hapa," akasema, akigusa gego la kulia, na vijana wakacheka. Sikujua kama walimcheka yeye au mimi.

Mimi sikuwa mwanafunzi wake. Nilikuwa jirani. Huku juu Kilungu shamba letu na lake yamegawanywa na mstari wa mikonge, na nilipokuwa nikingoja kuingia chuo kikuu kusomea uhandisi wa mitambo nilipita katikati ya mikonge hiyo karibu kila siku, kwa sababu upande wa pili kulikuwa na mtu wa kubishana naye. Aliniita Injinia kabla sijasoma hata ukurasa mmoja wa uhandisi. Mwanzoni ilikuwa kejeli. Baadaye sijui ilikuwa nini.

Nilimuuliza kwa nini hatumii masikio kama mafundi wengine.

"Masikio yanasikia kila kitu, mpaka umbea," akasema. "Meno yanasikia chuma peke yake."

Jibu zuri, na mimi majibu mazuri huniwasha. Kesho yake nilisimama nyuma yake akiwa ameinamia meza ya kazi, nikaangusha spana kubwa juu ya saruji. Kuku walitawanyika. Yeye hakugeuka. Niliiokota, nikaiangusha tena kutoka juu zaidi. Aliendelea kukwangua kipande chake cha chuma huku akipiga mluzi usiokuwa na wimbo. Miaka ya nyundo na mashine ya kusaga chuma ilikuwa imeyamaliza masikio yake, na hakuwa amemwambia mtu. Na mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa akiendesha gari lake kwenye kona zetu. Hofu yangu ilianza hapo, nikiwa nimeshika spana, na kuku wakinitazama.

Gari lingekuwa la kawaida nisingeogopa sana. Hili alilitengeneza mwenyewe. Lilikuwa na viti viwili, fupi, limelala chini kama mjusi: mifupa ya mabomba membamba, ngozi ya mabati ya alumini, injini kutoka pikapu iliyokufa, na rangi ya kijani iliyobaki baada ya kupaka milango ya kanisa. Lilikuwa jepesi kiasi kwamba vijana wanne waliweza kulinyanyua na kuligeuza uani. Alilipenda kwa sababu ya wepesi huo. Alisema gari zito ni uvivu wa aliyelichora.

Lakini gari zito huzimeza kelele zake. Hili lilikutapikia zote. Kati ya viti viwili ilipita nundu ya bati, na ndani ya nundu ilizunguka propela, yaani ule mtaimbo mrefu unaobeba nguvu kutoka kwenye giaboksi hadi magurudumu ya nyuma. Ulizunguka karibu na nyonga yako, maelfu ya mizunguko kwa dakika, na kilichokutenganisha nao ni bati ambalo ningeweza kulikunja kwa mikono. Gari lilipofika mwendo fulani mngurumo ulianza kwenye kiti, ukapanda uti wa mgongo, ukaingia kwenye fizi. Vijana wa chuo waliita hiyo raha. Mimi nilikuwa na umri sawa na wao na niliita kuogopa.

Mwalimu mwenyewe alihubiri woga. Katika karakana yake hukuruhusiwa kuvaa skafu, cheni wala mkufu. Tai yake aliichomeka ndani ya shati kati ya vifungo, hata Jumapili, hata kwenye harusi, asije akanaswa na kitu kinachozunguka. Mzee mwenzake wa kanisa alimtania mbele ya watu wote: "Mwalimu, hapa madhabahuni hakuna propela."

"Umeangalia chini?" akauliza Mwalimu.

Kanisani alikaa mbele kabisa, pembeni ya spika kubwa, kiganja cha mkono wa kushoto kimelala juu yake tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Watu walidhani ni mazoea ya mtu wa mitambo, kukagua kama spika inapata moto. Mimi niliyekuwa nimeangusha spana nilijua kwamba ndivyo alivyoimba. Alifuata ngoma kwa mkono, na sauti yake ikaja nyuma kidogo ya wengine, kubwa, bila haya.

Alikataza kitu kimoja zaidi, nacho kilikuwa kigumu kuliko vyote kwa watu wa huku. Alikataza mtu kusema "vai thina". Kwa Kikamba ni kusema hakuna shida, na sisi hulisema mchana kutwa. Ukiuliza kama mtoto amepona, vai thina. Ukiuliza kama breki zinashika, vai thina. Kijana mmoja aliulizwa kama amekaza nati za gurudumu, akasema hivyo kwa ulimi uliozoea, na Mwalimu akamfukuza mpaka Jumamosi iliyofuata.

"Niambie umekaza, ama hujakaza, ama hujui," alimwambia. "Hayo tu. Hiyo ingine kamwambie mama mkwe."

Nilidhani ni ukali wa walimu tu, wanaotaka watu waogope ndipo wasikilize. Nilimwambia hivyo mkewe siku moja, tukichagua ndengu barazani. Nikizaliwa upya ningependa niwe kama yule mama: hakuharakisha neno. Alitembea kwa fimbo, nyonga ya kulia ikibaki nyuma, na nilikuwa sijawahi kuuliza kwa nini. Yeye pia alimwita mumewe Mwalimu.

"Mwaitu, mbona hilo neno analichukia hivyo?" niliuliza. Mwaitu ni mama, na ndivyo tulivyomwita sote.

Alitoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa uani.

"Tulikuwa tunateremka kwenda Kiboko. Binti yetu Mwende alikuwa ameanza kazi huko. Mimi nimekaa kile kiti cha kushoto. Nikamwambia, Mwalimu, kuna kitu kinagonga chini yangu. Akasema vai thina."

Akaupepeta ungo mara mbili.

"Kona ya pili, ikatoka," akasema. "Ilipasua bati vile unapasua bahasha. Kelele sikusikia. Watu wanafikiria nilisikia. Niliona tu barabara kupitia sakafu."

Propela ilikuwa imekatika pale ilipochomelewa, na ncha iliyobaki ikizunguka ikampiga kwenye nyonga. Baadaye nilijua ilikatika kwa nini, kwa sababu Mwalimu alikihifadhi kile kipande ukutani, kimening'inizwa kwa waya juu ya meza ya kazi. Kilikuwa bomba la kisima. Huku kwetu mabomba ya visima ndiyo chuma tunachokiamini kuliko vyote: likikaa ardhini miaka mingi likipandisha maji ya chumvi bila kupasuka, nani atalitilia shaka? Mwalimu alikata bomba hilo akalifanya propela. Lakini bomba la kisima halijazaliwa kuzunguka. Lina mshono wa kuchomelea upande mmoja, upande huo ni mzito kidogo, na uzito huo kidogo ukizungushwa kwa kasi huwa nyundo. Lilikuwa likijigonga lenyewe tangu siku ya kwanza. Lilipiga kelele. Alisikia, wakati huo bado akisikia, akasema hakuna shida.

"Nilimwambia nitapanda tena siku hiyo gari itanyamaza," mkewe alisema. "Nilikuwa nataka tu aiache. Nilijua haitanyamaza. Sasa ona."

Tuliangalia upande wa karakana. Miguu ya Mwalimu ilikuwa imetokeza chini ya gari.

Kwa hiyo kazi yote niliyoiona kwa miaka ile, kazi ambayo vijana waliichukua kama ubingwa na mimi kama ukaidi, ilikuwa ombi la kumrudisha mtu mmoja kwenye kiti cha kushoto. Kwanza alinunua bomba la kweli la propela, akalisafirisha Nairobi kwa mtu mwenye mashine ya kusawazisha uzito wake. Alihakikisha viungo vya ncha zote mbili vinatazama upande mmoja, maana vikipishana hata jino moja, kila mzunguko huwa na kwikwi. Alichora mistari ya chokaa, akaiosha, akachora tena. Kisha akaja kwenye injini, ambayo alikuwa ameifunga kwa bolti moja kwa moja kwenye mabomba, chuma juu ya chuma. Ilihitaji kukalia mpira.

Tulikwenda kuutafuta Mutomo. Aliamini fundi mmoja wa akala pale sokoni, mtu anayekata viatu kutoka kwa matairi kuukuu, ndiye anayejua mpira kuliko duka lolote la spea. Fundi alikuwa ameketi katikati ya matairi, kisu mkononi.

"Karibu mzee. Mguu wa nani?"

"Wa injini," akasema Mwalimu.

"Inavaa namba ngapi?"

"Haijawahi kuvaa. Imetembea pekupeku."

"Ndio maana inalia," akasema fundi bila kucheka, na kuanza kumkatia vipande. "Hii ya trela ni ngumu, utakuwa ni kama uko kwa mawe. Hii ya pikipiki ni laini, lakini ikipata moto inalala."

Mwalimu alichukua kila kipande akakiuma, polepole, akisikiliza jinsi kinavyorudi. Wachuuzi wa mbuzi walisimama kutazama.

"Mzee," fundi akamwambia, "hiyo unakula imekanyaga mavi ya ng'ombe kutoka hapa mpaka Garissa."

"Ni ngumu kidogo," akasema Mwalimu, akitafuna. "Lakini ni ya kweli."

Nilicheka njia nzima ya kurudi. Lakini hata nikicheka niliona alivyokuwa akifikiri. Ule laini ulizima mngurumo, lakini injini ikawa inayumba kama mlevi na gia ikamgonga goti. Ule mgumu uliituliza injini na kurudisha mngurumo wote. Alijaribu mwaka mzima, akimalizia kwa laini mbele na mgumu nyuma, pale mkia wa giaboksi unapokutana na propela. Hapo gari liliacha kutetemeka likiwa limesimama. Kisha akaanza kulivisha. Alibandika lami nyembamba ya paa chini ya sakafu. Juu ya nundu akaweka gunia la mkonge, blanketi, gunia tena, na juu kabisa zulia jekundu.

Kila likizo nikitoka chuo niliweka simu yangu juu ya nundu, programu ya kupima mtikisiko ikiwa wazi, na kila likizo mstari kwenye kioo ulikuwa umelala zaidi. Nilimwonyesha. Alifurahi kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mjukuu. Na kila likizo niliogopa zaidi, nikamwambia.

"Mwalimu, kelele ni habari. Unazuia habari."

"Habari mbaya nilishapata, Injinia."

"Hiyo ya kwanza. Na ya pili itapitia wapi?"

"Itapitia hapa," akasema, akagonga meno yake kwa ukucha. Yalitoa mlio mkavu.

Tangu alivishe gari magunia, nilipanda naye mara moja tu. Sitasema nilishawishiwa, nilitaka kujua. Tuliteremka kuelekea barabara ya Mombasa, kona baada ya kona, mashamba ya maparachichi yakipita juu ya vichwa vyetu kama yamebandikwa mlimani, na nilingoja mngurumo uanze kwenye kiti. Haukuanza. Kasi ilipanda, upepo ukapanda, mikono yake ikatulia kwenye usukani, na chini yetu hakukuwa na kitu. Nilipaswa kufurahia kazi nzuri. Badala yake nilikumbuka spana niliyoiangusha. Yeye alikuwa haisikii ile propela kwa sababu ya masikio yake, na mimi nilikuwa siisikii kwa sababu ya magunia yake. Tulikuwa viziwi wawili kwenye kona. Nilijishika kwenye mlango, nikaivuta nyonga yangu mbali na nundu kadiri kiti kilivyoruhusu.

"Unaogopa?" akapaza sauti.

Niliitikia kwa kichwa ili aone.

"Nzuri! Endelea!"

"Na wewe?"

Hakujibu. Labda hakusikia. Sikuwahi kumsikia akisema kwamba anaogopa. Woga alikuwa nao kwa ajili ya watu wote, akaugawa kama chaki, lakini wake mwenyewe hakuutaja.

Nilipata kazi kiwandani upande wa Athi River, na nikakaa muda mrefu bila kupita kati ya mikonge. Likizo iliyopita nilipita. Asubuhi ilikuwa na ukungu, huku Kilungu ukungu huja hadi kwenye vikombe. Nilimkuta Mwalimu akiosha gari. Aligeuka akatabasamu, nikashtuka, kwa sababu tabasamu halikuwa lake. Lilikuwa jeupe mno na limenyooka mno.

"Yangu yalikwisha," akasema. "Daktari alinipa haya. Mama Mwende anasema nafanana na mtu wa bima."

"Umependeza, Mwalimu."

"Nimekwisha. Lakini sikiza. Amekubali." Alipunguza sauti, jambo ambalo hakulijua vizuri, kwa hiyo mtaa mzima ulisikia. "Jumamosi nampeleka Kiboko kwa Mwende. Yeye mwenyewe amesema. Aliingia ndani jana nikiwasha injini, akakaa, akasema sasa imenyamaza."

"Na wewe umeisikiliza?"

Alikunja kitambaa cha kuoshea. Akakikunja tena.

"Vai thina," akasema.

Nilihisi baridi ya ukungu ikiingia ndani ya koti. Sijui kama alijisikia akilitamka. Nilisimama tu nikimtazama mdomo, na nadhani ni uso wangu uliomwambia alichosema, kwa sababu aliketi kwenye ukingo wa karai, na maji yakamwagika kwenye viatu vyake.

"Haya hayasikii," akasema baadaye. "Nimejaribu kila siku. Ni plastiki. Naweka chuma, nauma, ni kama kuuma hewa. Sijasikia hii gari tangu nitoke kwa daktari, Injinia."

Niliweka simu juu ya nundu, tukawasha injini. Mstari ulilala kama mtu aliyeshiba. Ningeweza kumwonyesha, na angeniamini, na Jumamosi ingefika. Lakini nilikuwa nikiuliza gunia. Simu ilikuwa imelala juu ya gunia, blanketi na gunia, na ilikuwa ikiniambia habari za gunia. Nilikuwa nimefanya hivyo miaka yote na kuuita upimaji.

Mwalimu alikwenda ukutani akarudi na nondo. Alibadilisha kitambaa, akaweka kipya.

"Uma wewe," akasema.

Tulilipandisha gari kwenye stendi, magurudumu ya nyuma yakielea. Aliniambia nifunge rasta zangu, kisha akazikagua mwenyewe kama nilivyokaguliwa na mama kabla ya shule, akasukuma kila iliyotokeza ndani ya kilemba na kilemba ndani ya kola. Ningelala chini ya gari, yeye awe kwenye kiti cha dereva, aweke gia, propela izunguke juu ya uso wangu. Nikipiga kelele hatasikia. Sote tulilijua hilo, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuliongea.

"Mlango utakuwa wazi. Nitaangalia mguu wako," akasema. "Ukiuinua, naongeza mafuta. Ukiupiga chini, nazima. Sitaangalia kitu kingine."

Nililala. Juu yangu ule mtaimbo ulianza kuzunguka, mwanzoni niliona mstari wake wa chokaa ukipita, kisha mstari ukawa ukungu, kisha hakukuwa na mstari, kulikuwa na kitu cha kijivu kinachong'aa ambacho kinaonekana kimesimama. Upepo wake ulinigusa shavu. Niliegemeza nondo kwenye mkia wa giaboksi, mahali pasipozunguka, nikauma.

Nilidhani ningesikia sauti. Haikuwa sauti. Fuvu langu lote lilijaa injini, kana kwamba nimeimeza. Nilifumba macho kama nilivyomwona akifumba, kisha nikayafumbua haraka kwa sababu sikuweza kuvumilia kutouona ule mtaimbo. Chini ya mngurumo kulikuwa na tiki. Ndogo. Tiki, tiki, tiki. Nilifikiri ni moyo wangu, na moyo wangu ulikuwa ukienda mbio kiasi hicho. Niliinua mguu akaona, akaongeza mafuta kidogo. Moyo wangu haukuwa na sababu ya kufuata mafuta. Tiki iliyafuata.

Nilipiga mguu chini. Alizima kabla kisigino changu hakijatulia.

"Umesikia nini?"

"Kuna kitu."

"Kitu gani?"

"Sijui, Mwalimu. Umetuambia tuseme tunajua, ama hatujui. Sijui. Lakini kipo."

Tuliishusha propela. Kiungo cha nyuma kilikuwa kizima kwa nje, kimepakwa grisi vizuri. Mwalimu alikifungua, akatoa vikombe vinne vidogo vinavyoshika beringi zake. Vitatu vilikuwa vyeusi na vyenye mafuta. Cha nne alikigeuza juu ya kiganja na kikamwaga unga mwekundu, mkavu, kama pilipili iliyosagwa. Sindano ndogo za chuma za ndani zilikuwa zimelika. Pengine zingefika Kiboko. Pengine zisingefika kona ya pili.

Alikaa chini palepale kwenye grisi. Sijawahi kumwona mtu akitazama mkono wake namna ile.

"Ilikuwa imenyamaza," akasema.

Fimbo iligonga saruji nyuma yetu. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, na shuka begani.

"Mmepata nini?"

Mwalimu alinitazama. Nilielewa alichokuwa akikipima, kwa sababu hata mimi nilikipima. Tungebadilisha kiungo, kazi ya nusu siku, na asingejua kamwe. Miaka yote ya mpira na magunia ingefika mahali ilipokusudiwa. Neno lilikuwa tayari, maneno mawili mafupi, ulimi wowote wa huku huyatoa bila kuulizwa.

Aliinua kiganja akamwonyesha unga.

"Hii ilikuwa chini yako," akasema.

Mama alisogea, akautazama kwa muda mrefu. Alichovya kidole, akaunusa.

"Na mlikuwa mnasikia kitu ukikaa ndani?"

"Hapana, Mwaitu," nikasema. "Hakuna mtu angesikia."

"Basi siitaki ikinyamaza hivyo." Alilizunguka gari, akafungua mlango wa kushoto, akagonga nundu na fimbo. Ililia bubu, kama godoro. "Toa hizi vitu hapa. Si zote. Hapa tu, mkono wangu ukilala."

"Mama Mwende, ukifungua hapo kidogo kelele yote inatoka," akasema Mwalimu. "Ni kama dirisha. Kelele haijui ni dogo."

"Itoke."

"Ni kazi ya miaka."

"Wewe kanisani unaweka mkono wapi?"

Mwalimu alifungua mdomo na meno yake mapya yakaonekana yote. Kisha akaufunga. Nilikuwa nimedhani mimi peke yangu ndiye niliyejua.

Alilaza mkono wake juu ya zulia jekundu, na mumewe akauzungushia chokaa, kidole kwa kidole, kwa uangalifu uleule aliochorea mistari ya propela. Kisha akakata: zulia, gunia, blanketi, gunia, hadi bati likaonekana, jeupe, halijaguswa tangu alifunike.

Kiungo kipya kilitoka Emali. Ijumaa niliuma tena, nikasikiliza hadi taya zikaniuma, na tiki haikuwepo. Nilimwambia siisikii. Sikumwambia haipo. Jumamosi mama alitoka amevaa gauni la kanisa, akampa mumewe fimbo aiweke nyuma, akaingia kiti cha kushoto taratibu, nyonga mbaya ikitangulia upande wa nundu. Aliweka kiganja pale. Walikubaliana kwanza wateremke hadi barabara kuu na kurudi. Akitaka, ndipo waende Kiboko.

Nilibaki langoni. Zamani, kabla ya magunia, ungelisikia gari lile likishuka kona moja baada ya nyingine hata ukiwa jikoni. Sasa lilipita kona ya kwanza na likaisha. Nilisikia mtu akilima. Nilisikia kengele ya mbuzi. Nilishika nguzo ya lango, nikasikiliza kwa nguvu hadi masikio yakaanza kujitungia sauti, bati likipasuka, mtu akiita, kisha nikatambua ni kuku. Sisi ndio tuliolinyamazisha. Kama lingekatika pale chini, mlima wote ungebaki na utulivu uleule.

Sijui ulikuwa muda gani. Nililiona kabla ya kulisikia, kijani kati ya maparachichi, likipanda polepole. Liliingia uani, injini ikazimwa, na hakuna aliyeshuka. Mama alikuwa bado ameweka kiganja pale pale, anatazama mbele.

"Kona ya pili," akasema, "ulibadilisha gia mapema."

Mwalimu alikuwa akitazama mdomo wa mkewe. Aliitikia.

"Niliogopa," akasema.

Mama aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa akilidai kwa muda mrefu. "Haya basi. Twende Kiboko. Lakini nipe maji kwanza."

Mwalimu alikwenda kuleta maji. Mama alipouinua mkono kuchukua kikombe, nilichungulia ndani. Kwenye bati palikuwa na alama ya jasho, kiganja na vidole vitano, imelowa kabisa. Alikunywa, akarudisha mkono juu yake kabla haijakauka.